Mwito wa Nne

Chemchem, Tabora
3 Machi 1952

Mdogo wangu Ambrosi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Bernadeta na watoto. Huku tunapumua. Mvua imepiga siku kumi na moja bila kupumzika. Mahindi ya dada yetu Katarina yamesimama vizuri, ila magugu yanamzidi nguvu kwa kuwa analima peke yake. Kichanga chake, Marcelina, ameota meno mawili na anamchekea kila mtu, hata wanaokuja na sura za msiba. Mimi nina kazi ya madawati ishirini na manne ya shule, mninga mtupu, na fundi mmoja kati ya wawili niliowaajiri ni mvivu.

Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliiandika tarehe 6 Januari, ya pili tarehe 2 Februari. Kutoka hapa mpaka Uvinza ni treni moja, haibadilishwi popote. Ingepotea moja ningeamini. Mbili siamini.

Sitaficha, nina kinyongo nawe. Ulipolazwa hospitali ya Kitete nilifunga karakana siku kumi na tisa. Wewe unajua nilivyoianza: msumeno wa kuazima, randa moja, na kulala juu ya vumbi la mbao. Mlango ule sikuwahi kuufunga hata siku ya homa. Nilikaa kwenye benchi kando ya kitanda chako, nikakufukuzia nzi. Ulipoweza kusimama ukapanda treni na mkeo bila hata kunigongea dirisha. Mtu mwingine akifanya hivyo ungemwitaje?

Sasa neno lenyewe. Oktoba utatimia mwaka tangu tumzike Luhende, mume wa Katarina. Ndugu zake wa Usoke watakuja kumaliza msiba na wanataka uwepo. Hawana nia mbaya. Wanataka usimame mbele yao na mbele ya Katarina, useme kwa kinywa chako kwamba siku ile ya mawindo ulivunja mwiko wa babu, ukaita ndege kanga kwa filimbi mara nne badala ya tatu, chui akaja, na Luhende akafa akikuokoa. Uombe radhi, wakunyunyizie maji, kwisha. Dakika kumi. Mimi nitasimama kando yako.

Jibu haraka, nijue nani wa kumhesabu kwenye chakula.

Kaka yako,
Tobias Lugembe


Uvinza
20 Aprili 1952

Kaka Tobias, shikamoo.

Mwandiko huu ni wa Bernadeta, maneno ni yangu. Vidole vya mkono wa kulia bado havishiki kalamu. Watoto ni wazima. Mkubwa ameanza shule na analalamika kuwa maji ya hapa yana chumvi hata yakiwa matamu.

Barua zako zote tatu zilifika. Nisamehe.

Nimepata kazi kwenye machimbo ya chumvi. Nahesabu magunia yanapopanda behewa, nachora mistari ya mkaa ukutani kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni watu walikuwa wakilitazama shavu langu na kunyamaza. Sasa wananitania. Wanasema chui alinionja akakuta sina chumvi, ndiyo maana nimeletwa Uvinza. Nacheka nao. Kucheka kunauma upande mmoja, lakini nacheka.

Oktoba siwezi kuja. Maji ya kunyunyiziwa siyaogopi, wala watu wa Usoke. Ni Katarina. Nikiwa kijana ndiye aliyenifundisha kuimba, na sasa nitasimama mbele yake na mdomo huu uliopinda nimwambie nini? Kwamba nilimwita mnyama kwa pumzi yangu, akaja akamla mumewe? Kila siku kabla sijaamka sawasawa nasikia miito. Naihesabu nikitumaini leo itakuwa mitatu. Inakuwa minne.

Mpe salamu zangu. Mwambie namkumbuka kwenye sala. Usimwambie zaidi.

Ni mimi mdogo wako,
Ambrosi

Shemeji, shikamoo. Haya ya chini ni yangu, yeye ametoka kwenda kazini na hajui kwamba nimeyaongeza. Shati alilokuwa amevaa siku ile nililifua mimi, maji matatu. Filimbi yake ya pembe ilikuwa ndani ya mfuko wa kifuani na kifungo kimefungwa. Wewe umewinda naye miaka yote, unaijua desturi yake: akishamaliza mwito wa tatu huitia filimbi mfukoni, akafunga kifungo, ndipo anahama. Basi kama alipuliza mara ya nne, kifungo kile kilifungwa na nani? Chui? Nimekaa na swali hili miezi sita. Nimechoka nalo, nakuletea wewe. Bernadeta.


Chemchem, Tabora
11 Mei 1952

Ambrosi,

Salamu kwenu wote. Madawati yamekwisha, yote ishirini na manne, na hakuna hata moja linalotikisika. Katarina anavuna. Nimemletea vibarua wawili kwa siku tatu.

Mwambie mkeo mambo ya porini awaachie waliokuwepo porini. Mfuko wa shati unaweza kufungwa na mtu yeyote. Tulikubeba kwenye machela ya fito, watu sita kwa zamu, mikono ilikuwa mingi. Mimi sikuwa nikitazama vifungo.

Lakini kwa kuwa mnataka kurudi kule, turudi, nikuandikie kwa hesabu, usije ukasema nimekuficha.

Jumamosi, tarehe 13 Oktoba. Kesho yake padre angembatiza mtoto wa Katarina, na mimi kama mjomba mkubwa nilikuwa nimeahidi mbele ya wageni kanga kumi na wawili. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, watu watatu: wewe na filimbi, mimi na gobori, Luhende na tenga na panga. Tulifuata njia ya zamani ya wapagazi mpaka penye maji ya Igombe. Ni njia ile ile aliyopita babu na pembe za ndovu begani, akiwaitia wenzake kanga wa kitoweo. Mwiko ni wake: mahali pamoja unaita mara tatu, ukimaliza unahama hata kama ndege wanakujibu. Chui naye anakula kanga. Anaposikia mara tatu bado anauliza sauti iko wapi. Mara ya nne ameshajua.

Tulikaa mahali pawili tukapata kanga saba. Mahali pa tatu wewe uliegemea kichuguu ukitazama maji. Mimi nilikuwa kichakani, hatua thelathini na nane kushoto kwako, nilizipima mwenyewe. Luhende alikuwa nyuma yangu. Uliita mara tatu. Halafu ukaja mwito wa nne. Halafu chui alitokea nyuma ya kichuguu, upande wako wa kulia, akakuangukia. Luhende alinipita mbio na panga. Alimkata chui mgongoni, chui akakuacha akamrukia yeye shingoni. Gobori langu lilikuwa na marisau ya ndege tu. Ilinibidi nisogee mpaka hatua nne nisikupige wewe wala yeye. Nilipiga mara moja. Chui alikufa. Luhende alifia kwenye machela kabla hatujafika mjini.

Hapo umepungua wapi ukweli? Hospitalini watu waliuliza kuliitwa mara ngapi, nikasema nne. Ulipopata fahamu siku ya kumi na moja, wewe mwenyewe ulisema ulisikia nne.

Njoo Oktoba. Mambo mepesi msiyafanye mazito.

Tobias


Uvinza
30 Juni 1952

Kaka Tobias, shikamoo.

Herufi hizi zinazolala kama nyasi ni zangu, za mkono wa kushoto. Nimejifunza wiki saba ili barua hii isipite kwa Bernadeta. Yale aliyoongeza safari ile aliniambia mwenyewe ulipojibu. Sikumkaripia.

Tu wazima. Kuna vumbi jeupe kila mahali, mpaka kwenye nyusi.

Nimesoma hesabu yako mara nyingi. Hatua thelathini na nane kushoto kwangu. Hiyo nilikuwa siijui, maana ulijificha nikiwa nimeshakaa, na mwindaji hamtafuti mwenzake kwa macho.

Sasa sikiliza. Makovu yangu yote yako kulia. Shavu la kulia, sikio la kulia, bega la kulia, mkono wa kulia. Daktari aliniambia bahati yangu ni kwamba shingo ilikuwa imegeuka, la sivyo meno yangeingia penyewe. Nimejiuliza nilikuwa nimegeukia nini. Maji yalikuwa mbele yangu. Kanga walikuwa mbele, ng'ambo ya maji. Mtu anayepuliza filimbi anatazama wanakotoka ndege. Mimi nilikuwa nimegeuka kushoto kabisa, mpaka kidevu kiko begani.

Nilikuwa namtafuta kanga mmoja. Nilimsikia huko kushoto, karibu sana, sauti yake imekwaruza mwishoni. Nilishangaa nikasema moyoni, huyu ametoka wapi?

Sikusingizii kitu. Homa ilinichukua siku kumi na moja na ilichukua mengi. Nakuomba jambo moja. Kama ni mimi niliyeita, niandikie tena, kwa mkono wako, "Ambrosi, ni wewe uliyeita mara ya nne." Nikiipata barua hiyo nitakuja Oktoba, nitapiga magoti mbele ya Katarina, na sitauliza tena mpaka naingia kaburini. Kama si mimi, andika hivyo pia.

Nangoja.

Ambrosi


Chemchem, Tabora
2 Agosti 1952

Ambrosi,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu ya kazi nyingi. Yule fundi mvivu nimemwachisha.

Kwa treni ya kesho nakutumia kiti cha mninga. Upana wa kukalia inchi kumi na tisa. Mkono wa kulia wa kiti nimeuinua inchi mbili na nusu kuliko wa kushoto, ili bega lako lipumzike. Sikutumia msumari hata mmoja, ni gundi na vigingi. Kitakaa miaka hamsini.

Lile swali lako nitalijibu.

Tobias


Uvinza
19 Agosti 1952

Kaka, shikamoo.

Kiti kimefika salama. Ni kizuri mno, majirani wanakuja kukikalia kwa zamu, na bega linapumzika kama ulivyosema.

Nilikigeuza juu chini nikitafuta barua. Haikuwamo.

Ambrosi


Chemchem, Tabora
14 Septemba 1952

Mdogo wangu,

Si wewe uliyeita.

Nimeandika mstari huo kwenye karatasi tano, nne nimezichoma kwenye jiko la gundi. Hii ya tano naimalizia.

Uliita mara tatu kama siku zote, na baada ya ya tatu nilikuona unapeleka mkono kifuani. Najua ulikuwa unafunga kifungo. Ulikuwa unataka kuhama. Wakati huo huo kanga walijibu ng'ambo ya maji. Unanijua, siwezi kusikia kitu nisikihesabu. Nikahesabu sauti zao. Walikuwa watano. Kwenye tenga tulikuwa nao saba. Saba na tano, Ambrosi! Walikuwa wamekamilika kule ng'ambo, wanahitaji kuvutwa kidogo tu. Nikaona tukihama watatawanyika na kesho nitasimama mbele ya wageni na ndege pungufu, mimi niliyejisifu. Nikaziba pua kwa vidole viwili nikaita kwa koo.

Unajua siwezi kuita. Babu alinijaribu mara moja akacheka mpaka akalia. Luhende alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Shemeji, huyo kanga gani mwenye mafua?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe, utawafukuza." Akasema, "Hao wa kwako hawafukuziki, wanakimbilia kukuletea dawa." Tukazuia kicheko, nikamwona mabega yanatikisika. Ndiyo maneno yake ya mwisho hayo. Mwaka mzima watu wananiuliza marehemu alisema nini, nami nawaambia hakusema kitu.

Chui hakuwa anakuja kwako. Mara tatu zako alikuwa bado anatafuta. Aliifuata sauti yangu, na wewe na kichuguu chako mlikuwa njiani kati yangu na yeye. Luhende alilijua hilo papo hapo, ndiyo maana alikimbia kabla sijainua gobori. Mimi nilichelewa. Si kwa woga, ingawa sasa sina haki ya kukuomba uamini. Macho yangu yalikuwa bado kwa wale watano.

Kule hospitalini waliniuliza kuliitwa mara ngapi, hawakuniuliza ni nani. Nikasema nne. Nikajiambia sijadanganya. Wewe ulikuwa umelala na bandeji, watu wakasema maskini mwita kanga amejiitia balaa, na mimi wakaniita shujaa aliyemuua chui kwa marisau. Ngozi wameitundika nyumbani kwa mtemi. Nilingoja uamke ukanushe. Ukaamka ukasema, ndiyo, nilisikia nne. Nikaona jambo limejipanga lenyewe. Siku kumi na tisa kwenye benchi lile, na kila siku nilikuwa na nafasi. Nilikulaumu kwa kuondoka bila kuniaga kwa sababu uliondoka na nafasi hizo.

Sasa nafikiri hivi. Njoo Oktoba. Husemi kitu. Mimi nitawaambia watu wa Usoke kwamba porini mambo yalichanganyikana, hakuna anayejua mwito ulikuwa wa nani, tumnyunyizie kila mtu maji, kwisha. Wataridhika. Wewe utakuwa huru, Katarina hataumia upya.

Nisamehe ukiweza.

Tobias


Uvinza
25 Septemba 1952

Kaka Tobias, shikamoo.

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye behewa, na magunia yalipita bila kuchorwa. Ilibidi yashushwe yahesabiwe upya. Watu walinikasirikia, na mimi nilikuwa nalia na kucheka. Asubuhi ya pili niliamka, nikasikia miito mitatu tu.

Kwa hilo nakushukuru, na sina la kukudai. Ninalo moja la kukulaumu, si mwito. Mwito ni tamaa ya dakika moja, hata mimi ninazo. Ni mwaka huu. Katarina amenizika mimi pamoja na mumewe, ndugu wawili kwa siku moja, na mmoja alikuwa mzima.

Hilo la kuchanganya mambo sitaki. Usianze na watu wa Usoke. Nenda kwa Katarina, kabla ya siku ya msiba, peke yako, umwambie kama ulivyoniandikia, na kicheko cha Luhende usikiruke. Ni mali yake. Usipokwenda wewe sitakwenda mimi kumwambia, wala sitaonyesha barua yako kwa mtu. Nitabaki hapa tu, na wewe utaendelea kuwa kaka yangu kwenye karatasi.

Ambrosi


Chemchem, Tabora
6 Oktoba 1952

Mdogo wangu Ambrosi,

Nakusalimu, wewe na Bernadeta. Mwambie kifungo chake kilinishinda kukijibu.

Jana Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Katarina. Nilimkuta anapepeta mtama uani, mtoto amekaa ndani ya beseni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Ijumaa. Yalipotea yote. Nikaanza kwa kusema paa lake linavuja na nitaleta mabati sita.

Akasema, "Kaka, hukuja kutazama paa."

Nikamwambia. Nilisema polepole, kwa mpango, kanga saba, kanga watano, pua, koo. Hakuacha kupepeta. Nilipofika kwenye yale mafua akaweka ungo chini. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu, mpaka pale nilipomwona Luhende mabega yanatikisika. Akacheka, Ambrosi. Alicheka kwa sauti, mkono mdomoni, akasema, "Huyo ndiye yeye. Huyo ndiye yeye kabisa." Mtoto naye akacheka kwa kumwona mama. Halafu hakucheka tena.

Akaniuliza, "Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unayo haya, na mimi ninakuuliza alisema nini, unaniambia hakusema kitu?"

Nikasema ndiyo.

"Na Ambrosi nimemlaani kwenye kila rozari."

Nikasema najua.

"Hujui. Ungejua ungekuja mbio bila viatu."

Nikamwambia nitasimama tarehe kumi na tatu mbele ya watu wote niseme. Akasema hilo ni lazima, wala si zawadi ninayompa. Nikamwambia nitakupelekea simu ya maandishi uje. Akasema hapana, hakuitwi mtu kwa karatasi baada ya alivyotendwa, atakuja kukuchukua mwenyewe. Anapanda treni ya Jumatano na mtoto mgongoni. Barua hii nadhani itasafiri naye treni moja, yeye behewa la abiria na mimi kwenye gunia la posta, kwa hiyo huenda ukamwona kabla hujasoma kwamba anakuja. Mpe kile kiti akalie, miguu yake inavimba siku hizi.

Mtafika hapa Jumamosi. Bernadeta na watoto pia, Katarina amesema msiache mtu. Nilimwambia nitakuja stesheni na mkokoteni wa mbao wa kubebea mizigo yenu. Akaniambia nimpe mkokoteni jirani yake Shaban, yeye ataukokota. Mimi nisije. Nikauliza nisije mpaka lini. Akaokota ungo wake, akasema, "Usinipimie."

Mkokoteni nimeshautia grisi, Shaban ameuchukua leo. Jumamosi nitafungua karakana kama kawaida. Treni inasikika mpaka hapa, inapopunguza mwendo hata mbao zilizoegemezwa ukutani hutetemeka kidogo. Ndivyo nitakavyojua mmefika. Ukiteremka, usinitafute kwa macho kwenye watu. Nimeambiwa nisiwepo, na safari hii nimetii.

Ni mimi,
Tobias